Watawa Waliohesabu Matengenezo

Mwaka 1313, zama za Alauddin Khalji kutawala Delhi, mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, juu ya mlima Shatrunjaya huko Gujarat yalivamiwa na sanamu kuu ya Adinatha, mwalimu wao wa kwanza, ikavunjwa. Mtawa Jinaprabha Suri alikuwa hai wakati huo, msomi aliyebobea katika Kisanskriti na Kiprakriti, na hapakuwa na mahali alipopatukuza kuliko mlima ule. Mwingine angejaza kurasa kwa kilio. Yeye aliandika kwa maneno machache kwamba mwaka 1369 kwa kalenda ya Vikrama, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 hivi, sanamu ilivunjwa, na papo hapo akaendelea: mwaka 1371 tajiri aitwaye Samara akaisimamisha upya. Kisha akaingia kwenye mambo mengine ya mlima.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na ndiyo yaliyonifundisha kazi ninayoifanya sasa ya kukusanya masimulizi ya miji ya kale ya pwani yetu.

Nilikulia Mombasa, si mbali na barabara ya Langoni, lilipo hekalu jeupe la Wajaini lililofunguliwa mwaka 1963. Tulipita langoni pake tukienda shule, tukiwaona kina mama wakiingia peku na visahani vya mchele, lakini hakuna aliyetueleza ndani mna nini. Nilikuja kujua nikiwa Vadodara, mji wa Gujarat, nilikokwenda kusoma akiolojia. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mwalimu mstaafu wa Kisanskriti, Mjaini wa ukoo wa wafanyabiashara. Mtaa mzima ulimwita Ba, nami nikamwita hivyohivyo, naye akaniita beta, yaani mwanangu, kama alivyowaita wajukuu zake. Nyumbani mwake chakula cha jioni kililiwa kabla jua halijazama. Baada ya hapo tulikaa kibarazani na kitabu cha Jinaprabha, yeye akisoma kwa sauti na kunifasiria kwa Kigujarati chepesi, kile nilichokiokota madukani Mombasa, na palipokuwa pagumu tukasaidiana kwa Kiingereza.

Kitabu chenyewe kinaitwa Vividhatirthakalpa. Kina sura 60 hivi, nyingine za mashairi na nyingine za nathari, na mwandishi alizitunga kwa zaidi ya miaka 20, akakifunga Delhi mwanzoni mwa miaka ya 1330. Kila sura ina mahali pake pa hija, au sanamu yake, au mlinzi wake wa kimungu. Wajaini wanawaheshimu walimu 24 wanaoitwa Tirthankara, wa kwanza Adinatha na wa mwisho Mahavira, na kila walipozaliwa, walipoukana ulimwengu na walipofia pamekuwa pa kuzuriwa. Jinaprabha hakuwa mtawa pekee aliyekusanya habari za namna hii. Merutunga alimaliza mkusanyo wake wa visa vya wafalme na mawaziri mwaka 1305, akieleza kwamba hadithi za kale zimesikiwa mno hata haziwafurahishi tena wenye akili, ndiyo maana anaandika za watu wa karibu zaidi. Rajashekhara naye alimaliza wake Delhi mwaka 1349. Lakini wale walifuata zaidi nyayo za watu mashuhuri. Jinaprabha alifuata mahali, na mimi nilikuwa nimetoka nyumbani nikitafuta mtu wa kunionyesha jinsi mahali panavyoandikwa.

Kwanza alipaandika kwa miguu. Mtawa wa Kijaini hapandi gari wala mnyama. Hutembea peku kutoka kituo hadi kituo, hula alichopewa majumbani, na miezi minne ya mvua hutulia mji mmoja asije akakanyaga viumbe vinavyojaa ardhini wakati ule. Hata leo wapo. Nimewaona alfajiri pembeni mwa barabara kuu ya Ahmedabad, nguo nyeupe, fimbo mkononi na ufagio wa sufi kwapani, malori yakiwapita kwa kishindo. Kwa mwendo huohuo Jinaprabha alizunguka Gujarat na Rajasthan, akashuka Daulatabad, akapanda Delhi. Ukijua hilo utaelewa kwa nini anajua kisima kiko upande gani wa hekalu, na mimea gani inaota kwenye pango la Girnar. Sura zake za Girnar zina hata maelezo ya madini na mitishamba ya mlima ule ambayo watu walisema yanageuza shaba kuwa dhahabu. Anaandika kama aliyeonyeshwa kwa kidole na mwenyeji.

Ba alinisisitiza nipande Shatrunjaya kabla hatujamaliza sura yake. "Utasoma vipi mlima ukiwa umekaa kitako?" akaniambia. Basi nikaenda Palitana, mji ulio chini ya mlima. Ngazi ni zaidi ya 3,000, na watu huanza kupanda giza likiwa bado halijaondoka. Wazee na wagonjwa hubebwa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye mti, wachukuzi wakiupokezana mabegani. Juu hakuliwi chakula. Wala hakuna anayelala kule: jioni kila mtu hushuka, hata wahudumu, mlima ukabaki na mahekalu yake mamia kwa mamia. Nilipanda nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akigusa kila ngazi kwa mkono, kisha paji la uso, kabla ya kuikanyaga. Hakupumzika hata mara moja pale wenzake walipopumzika. Tulipofika kwenye hekalu kuu la Adinatha alinishika mkono akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba sanamu ninayoiona iliwekwa na Karma Shah.

Karma Shah aliiweka mwaka 1531. Niliporudi Vadodara nikamsimulia Ba, naye akanihesabia kwa vidole. Mapokeo yao yanahesabu matengenezo makubwa 16 ya mlima ule. La kwanza linahusishwa na Bharata, mwana wa Adinatha mwenyewe, huko nyuma sana kusikofikiwa na tarehe. La 13 ni la Javada. La 14 ni la waziri Bahada, katika karne ya 12. La 15 ni la Samara, yule wa mwaka 1315, na la 16 ni la Karma Shah. Nilimuuliza, je, mlima umevunjwa mara ngapi? Ba akafikiri. Hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa na hii nyingine tu.

Lilinikaa sana jambo hilo. Sisi pwani, ukimuuliza mtu habari za mji wa kale, atakwambia Wareno waliuchoma, au maji yalikauka, au watu walihama usiku kwa kuogopa maadui. Tunazijua ajali za miji yetu. Wajaini wa Shatrunjaya wameijenga kumbukumbu yao juu ya waliorudi na mawe. Na Jinaprabha ndiye aliyeifanya kuwa kanuni ya uandishi: haifichi siku ya kuvunjwa, anaitaja kwa mwaka wake, lakini haiachi isimame peke yake. Mlima Abu, wenye mahekalu ya marumaru ya Vimala, ya mwaka 1031, na ya ndugu wawili mawaziri Vastupala na Tejapala, ya karne ya 13, nao uliharibiwa. Anaeleza hivyo, na hapohapo anawataja Lalla na Pithada walioyatengeneza mwaka 1321.

Mimi ni Mwislamu, na sitasema kwamba kusoma habari hizi kulikuwa rahisi. Waliovunja wanaitwa humo kwa jina la dharau, na wanahusishwa na dini yangu. Kuna jioni nilinyamaza kabisa. Ba alinitazama, akasema, "Beta, soma mpaka mwisho wa kitabu." Hakuongeza neno. Na kweli, kadiri tulivyoendelea mambo yalizidi kuwa mapana. Aliyempa Samara ruhusa ya kutengeneza alikuwa Alp Khan, liwali Mwislamu wa Gujarat chini ya sultani yuleyule. Na sura ya Shatrunjaya Jinaprabha aliipa jina la pili, Rajaprasada, yaani fadhila ya mfalme, kwa kuwa alipoanza kuitunga mfalme alikuwa ameiridhia jamii ya Wajaini. Mfalme huyo alikuwa Muhammad bin Tughluq.

Hapa ndipo penye sura ninayoipenda kuliko zote, ya sanamu ya Mahavira wa Kanyanayana. Mfalme Prithviraj aliposhindwa vitani mwaka 1192, mfanyabiashara mmoja aliwaandikia Wajaini wa mji ule barua kuwaonya waifiche sanamu yao. Wakaizika kwenye mchanga. Miaka ikapita, waliozika wakafa. Kisha ikaja njaa kali, na seremala aitwaye Jojaka akafungasha na watu wake kwenda kutafuta riziki nchi nyingine. Usiku wa kwanza njiani akalala mahali, akaota anaambiwa kwamba chini ya pale alipolala, kina cha mikono kadhaa, yumo Mahavira, na kwamba hana haja ya kwenda ugenini tena. Wakachimba, sanamu ikatoka. Wajaini wakamtunza seremala yule, safari yake ikaishia pale.

Baadaye sanamu ikachukuliwa, ikapelekwa hazina ya sultani katika ngome ya Tughlaqabad. Mwaka 1328 Jinaprabha akaitwa barazani. Anasimulia kwamba sultani alimkalisha karibu naye wakazungumza mpaka usiku mwingi, kisha akampa ng'ombe, mali, mablanketi, nguo na manukato. Mtawa haruhusiwi kumiliki vitu hivyo. Akaeleza kwa adabu kwamba havimfai, akapokea mablanketi na nguo chache tu ili mwenyeji wake asione amedharauliwa. Alipata hati za kulinda Shatrunjaya, Girnar na mahali pengine pa hija, na hatimaye sultani akaamuru sanamu ya Kanyanayana itolewe hazinani, akamkabidhi.

Nilipofika hapo nilimwambia Ba habari ya kwetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa, akawasifu watu wake, akamsifu hasa sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Miaka michache baadaye alikuwa kadhi Delhi, akiajiriwa na Muhammad bin Tughluq yuleyule aliyemkalisha Jinaprabha karibu naye. Mtu aliyeswali katika misikiti yetu na mtawa niliyekuwa nikimsoma walijua baraza moja. Ba alifurahi kama aliyepata habari za ndugu. Akaniomba nimwandikie jina la Kilwa kwenye ukingo wa kitabu chake, kwa herufi zetu, nami nikaandika.

Sasa visakale. Kwenye sura ya Mathura nilijitia ukaidi wa kisomi, maana nilikuwa nafundishwa kupima udongo na vigae. Jinaprabha anasema watawa wawili, Dharmaruchi na Dharmaghosha, walikaa Mathura msimu wa mvua. Mungu wa kike wa mahali pale, Kubera, akapendezwa na ibada yao, na usiku mmoja akasimamisha stupa, jengo takatifu la umbo la kuba, ya dhahabu na vito. Kulipopambazuka watu wa kila dini wakaigombania: hawa wakisema ni ya Vishnu, wale ya Shiva, wengine ya Buddha. Wakakubaliana kila kundi lichore picha ya wake kwenye kitambaa, kisha wasubiri. Usiku upepo mkali ukavuma ukapeperusha vitambaa vyote, kikabaki kimoja, chenye picha ya Suparshva, Tirthankara wa saba. Baadaye, tamaa za watu zilipozidi, dhahabu ikafunikwa kwa matofali.

Nilitaka kuuliza ni lipi la kweli hapo. Ba akanijibu, "Kila kisa kina amana kinayoilinda. Itafute amana."

Nikaitafuta. Kati ya mwaka 1888 na 1891 kilima cha Kankali, Mathura, kilichimbwa, zikatoka sanamu na mawe ya Kijaini kwa mamia. Kitako cha sanamu moja, cha zama za wafalme Wakushana, kina maandishi yasemayo kwamba iliwekwa kwenye stupa iliyojengwa na miungu. Maandishi hayo yamemtangulia Jinaprabha kwa zaidi ya miaka 1,000. Dhahabu haikuonekana. Lakini kisa kilikuwa pale, kimechongwa, na kilikuwa kimepita kinywa hadi kinywa kwa karne zote hizo bila kuliachia lile neno la msingi. Nilikwenda kilimani kwenyewe. Hakuna kitu cha kupiga picha, mali nyingi iko majumba ya makumbusho ya Lucknow na Mathura. Bila kitabu cha mtawa ungepita pale usijue umepita wapi.

Nikakumbuka kisa cha Kilwa nilichokisikia tangu utotoni: Ali bin Hasan alikikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Wanahistoria wamebishana juu ya tarehe na juu ya Shirazi, na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa, hilo halina ubishi. Ila sasa nilikisikia kwa masikio mengine. Mathura kitambaa kinaamua mahali ni pa nani, na Kilwa nguo inaamua mahali ni pa nani. Kisa cha Mathura kinawaambia wenye dini nyingine waliokuwa wakidai stupa ileile: sisi hatukupora, upepo ulitutaja. Kisa cha Kilwa kinawaambia wa bara na wa kisiwani: mgeni hakuteka, alilipa, na aliyekuwepo kabla yake alikuwepo kweli. Hiyo ndiyo amana. Hakuna kigae kitakachokupa habari hiyo.

Ba pia alinipeleka Patan, uliokuwa mji mkuu wa Gujarat, kuona hazina ya vitabu. Mtunzaji alitufungulia mswada mmoja wa karatasi, mrefu na mwembamba, herufi nyeusi zimepangwa safu kwa safu. Katikati ya kila ukurasa mwandishi ameacha uwazi, akachora humo duara jekundu. Zamani walipoandika kwenye majani ya miti ya jamii ya mtende palikuwa na tundu pale, la kupitisha uzi. Karatasi haikuhitaji uzi, lakini waliendelea kuiachia nafasi yake karne baada ya karne. Ba alinieleza kwamba siku ya tano baada ya mwaka mpya wao, vitabu hutolewa, hupanguswa vumbi na kuheshimiwa. Kitabu cha Jinaprabha kimetufikia kwa njia hiyo. Kilinakiliwa tena na tena na mikono iliyofuatana, hadi kilipochapishwa mwaka 1934 chini ya uhariri wa Jinavijaya. Kwangu hayo nayo ni matengenezo, na anastahili kuhesabiwa kila aliyenakili.

Niliporudi pwani nilibadilisha swali. Kijiji kimoja kisiwani Pate kina msikiti wa kale ambao kila anayefika huuliza ulijengwa na nani, na wazee hujibu kwa majina mawili matatu yanayopingana, kisha mazungumzo yanakufa. Mimi nilimwamkia bibi mmoja mkongwe, shikamoo Bi, nikakaa naye ukumbini, nikamuuliza ni nani walioutengeneza. Akaacha kusuka ukili wake.

"Mwanangu, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akaanza. Paa lilianguka akiwa msichana. Wanaume walikata boriti za mikoko, jahazi moja likazibeba mara mbili bila kuchukua nauli. Mawe ya matumbawe yalichomwa kwenye tanuu siku kadhaa hadi yakawa chokaa. Maji na mchanga yalibebwa na wanawake, usiku wa mbalamwezi kwa sababu mchana walikuwa mashambani, na walikuwa na wimbo wao wa kazi ambao aliniimbia beti zake zote. Aliwataja mmoja mmoja, huyu binti wa fulani, huyu alikuwa na mimba na akakataa kukaa nyumbani. Mzee wa msikiti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema hajawahi kuyasikia hayo, na mamake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotajwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mtawa wangu. Jinaprabha huwataja sana wenye mali: Samara, Lalla, Pithada, Vastupala. Waliokata marumaru na kuyavuta hadi kilimani hawana majina kwake. Seremala Jojaka amepita kwa bahati ya ndoto. Ninamheshimu, lakini kwenye daftari langu nimeongeza safu ambayo yeye hana. Kila mji una ukurasa wa kisa kama kilivyosimuliwa, bila mimi kukinyoosha. Una mahali pa mwaka wa kuharibiwa, unapojulikana. Kisha wanakuja waliotengeneza, wenye fedha na wasio nazo, kila mmoja na alichobeba. Kwa msikiti ule wa Pate, safu hiyo imejaa wanawake waliobeba maji, na ni ndefu kuliko safu nyingine zote za ukurasa.